Kwa nini kwaki haitoki nje

Tangu Julai 2012, maabara ya CERN iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa ilipotangaza kuwa imeipata chembe ya Higgs, kuna dai moja ambalo halijaacha kuzunguka: kwamba chembe hiyo ndiyo inayokipa kila kitu uzito. Mwaka 2017 vikaja vichwa vingine vya habari, safari hii vikisema wanasayansi wamegundua muungano wa kwaki, chembe ndogo zilizomo ndani ya kiini cha atomu, wenye nishati inayolipita bomu la haidrojeni. Na kila baada ya muda tunasoma mahali kwamba "kwaki mpya" imepatikana.

Dai la kwanza ni kweli kwa kiasi cha asilimia moja hivi. La pili ni hesabu sahihi iliyosomwa vibaya. La tatu si kweli hata kidogo: kwaki ya mwisho kugunduliwa ilipatikana mwaka 1995, na tangu hapo hakuna iliyoongezeka. Mkanganyiko wote huu una chanzo kimoja. Watu wameelezwa mara nyingi kwaki ni nini, lakini ni nadra kuelezwa zinashikanaje, ilhali utamu wote uko huko.

Tuanze na majina. Vitu vyote tunavyovigusa vimejengwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini zimo protoni na neutroni. Nje yake zipo elektroni. Elektroni, kwa vipimo vyote vilivyokwisha kufanywa, haijaonekana kuwa na kitu ndani yake. Protoni na neutroni ndizo zenye vitu ndani, na vitu hivyo ni kwaki. Protoni ina kwaki mbili za aina iitwayo juu na moja ya aina iitwayo chini. Neutroni ina moja ya juu na mbili za chini. Majina hayo hayahusiani na mahali zilipo. Ni vibandiko tu. Kwaki juu ina chaji ya umeme ya theluthi mbili, kwaki chini ina hasi theluthi moja. Zijumlishe za protoni: unapata 1 kamili. Za neutroni zinatoa sifuri, na ndiyo maana neutroni haina umeme. Kuna aina nyingine nne, yaani geni, haiba, kitako na kilele, ambazo ni nzito zaidi na hufa upesi, kwa hiyo hazimo katika vitu vya kawaida.

Kani, kwa lugha ya fizikia, ni chochote kinachovuta au kusukuma. Kani za msingi zinazojulikana ni nne: uvutano, sumakuumeme, kani dhaifu na kani kali. Hii ya mwisho ndiyo inayozishika kwaki. Wabebaji wake ni chembe ziitwazo gluoni: kwaki moja humhisi mwenzake kwa kupeana gluoni.

Sasa hesabu ndogo. Wanafizikia hawapimi chembe kwa gramu. Hutumia kipimo cha nishati, MeV, yaani elektronivolti milioni moja, kwa sababu tungamo (ndilo tunaloliita uzito kwa lugha ya kawaida) na nishati vinabadilishana kwa kanuni ambayo Einstein aliitoa mwaka 1905. Kwa kipimo hicho, kwaki juu ina takribani MeV 2 na kwaki chini karibu MeV 5. Zilizomo ndani ya protoni ni 2 na 2 na 5. Jumla 9. Protoni yenyewe ukiipima unapata 938.

Tisa dhidi ya mia tisa thelathini na nane. Hakuna kosa la uchapaji hapo. Kwaki tatu zinazosemekana kuijenga protoni hazifikishi hata sehemu moja kwa mia ya tungamo lake. Ile habari ya Higgs inahusu hizo 9. Hizo nyingine, zaidi ya 900, zina chanzo kingine, na ili kukifikia lazima kwanza tujue kani kali inafanyaje kazi.

Chaji tatu

Umeme una chaji ya aina moja yenye pande mbili, chanya na hasi. Kani kali ina chaji za aina tatu, na kila moja ina kinyume chake. Zikaitwa rangi: nyekundu, kijani na buluu. Naomba hapa msomaji asipotee. Kwaki haina rangi ya kuonwa kwa macho. Urefu wa wimbi la mwanga tunaouona ni mkubwa kuliko protoni mara mamia ya mamilioni, kwa hiyo kuuliza kama kwaki fulani kweli ni nyekundu ni swali lisilo na jibu. Jina lilifaa kwa jambo moja tu: mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu ukichanganywa sawasawa hutoa mweupe, na kwaki tatu zenye chaji tatu tofauti nazo hufutana zikatoa kitu kisicho na chaji ya rangi kwa nje. Protoni ni kitu cha namna hiyo. Njia nyingine ya kufutana ni kwaki moja kuungana na kinyume chake, na muungano huo huitwa mesoni.

Kwa nini tatu, na si mbili au tano?

Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba protoni na jamaa zake zimejengwa kwa kwaki. Februari ya mwaka huohuo, katika maabara ya Brookhaven jimboni New York, ikaonekana chembe iitwayo Omega hasi, ambayo Gell-Mann alikuwa ameshaitabiri. Ndani yake zimo kwaki tatu, zote za aina geni, na zote zimeelekeza spini zao upande mmoja. Spini ni ile sifa ya chembe kuwa kana kwamba inajizungusha. Hapo ndipo palipozuka kikwazo, kwa sababu kuna kanuni ya Wolfgang Pauli ya mwaka 1925 isemayo kwamba chembe za ukoo wa elektroni na kwaki haziwezi kukaa mbili katika hali moja iliyo sawa kwa kila sifa. Mbili tu zimekatazwa. Hapa zilikuwa tatu.

Oscar Greenberg mwaka 1964, kisha Moo-Young Han na Yoichiro Nambu mwaka 1965, walitoa jibu: lazima kuna sifa nyingine, isiyoonekana kwa nje, inayozitofautisha kwaki hizo tatu. Ukiliona jibu hilo kama ujanja wa kuiokoa nadharia isizame, si wewe wa kwanza. Lakini ujanja huo unapimika, na namna unavyopimwa ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika somo hili.

Chukua elektroni na kinyume chake, positroni, uzigonganishe. Zote mbili hutoweka, na nishati yao huzaa jozi mpya: pengine jozi ya muoni, ambayo ni binamu mzito wa elektroni, pengine jozi ya kwaki. Uwezekano wa kila jozi hutegemea mraba wa chaji yake ya umeme. Chaji ya muoni ni 1, mraba wake 1. Kwa nishati inayotosha kuzaa kwaki juu, chini na geni tu, miraba ni 4/9, 1/9 na 1/9. Jumla ni 6/9, yaani theluthi mbili. Kwa hiyo, kama rangi ni hadithi tu, kwa kila matukio matatu ya muoni tungeona mawili ya kwaki. Kama kila kwaki inakuja kwa rangi tatu, idadi inazidishwa kwa tatu: matukio sita ya kwaki kwa matatu ya muoni, uwiano wa 2. Vipimo katika nishati hizo huangukia karibu na 2. Kwa maneno mengine, rangi za kwaki zimehesabiwa, ingawa hakuna aliyewahi kuiona kwaki ikiwa peke yake.

Mbebaji anayebebwa

Umeme na sumaku hubebwa na fotoni, chembe ya mwanga. Fotoni haina chaji ya umeme. Ndiyo maana miale miwili ya mwanga ikikutana hupitana tu, kila mmoja ukashika njia yake.

Gluoni ina rangi. Kila gluoni hubeba rangi pamoja na kinyume cha rangi, na ukizipanga kihesabu zinatoka za aina nane. Kwaki inapotoa gluoni hubadilika rangi, na gluoni yenyewe, ikiwa bado njiani, huvutwa na kuvuta gluoni nyingine. Kani kali, basi, inajishika yenyewe. Msomaji akisahau mengine yote lakini akaondoka na hili, atakuwa amepata kiini cha jambo, kwa sababu maajabu yote ya kwaki yanachipuka hapa.

Ajabu la kwanza lilionekana kabla halijaeleweka. Kuanzia mwaka 1967, katika maabara ya SLAC huko California, watafiti waliongozwa na Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor kuzipiga protoni kwa elektroni zilizoharakishwa katika njia nyoofu ya kilomita 3. Kama protoni ingekuwa donge laini, elektroni zingepenya zikikengeuka kidogo tu. Badala yake nyingi zilirushwa kwa pembe kubwa, ishara kwamba ndani zimekutana na vitu vidogo na vigumu. Cha kushangaza zaidi, vitu hivyo vilionekana kama vinaelea huru, havishikwi na lolote. Ila hata kimoja hakikutoka nje. Kitu kilicho huru ndani ya chumba, na bado kisichoweza kutoka kwa kipigo chochote: kwa miaka kadhaa hapakuwa na nadharia iliyoweza kuyabeba yote mawili.

Jibu lilikuja mwaka 1973 kutoka kwa vijana watatu, David Gross na Frank Wilczek kwa upande mmoja na David Politzer kwa upande wa pili, na likawapa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Walionyesha kwamba kani kali inafanya kinyume cha zilizozoeleka: kwaki zikikaribiana sana inalegea, zikiachana inakaza.

Sababu yake inaelezeka. Utupu, katika fizikia ya kwantamu, si mtupu. Ukiweka chaji ya umeme mahali, pembeni yake hutokea na kutoweka jozi za chembe, nazo hujipanga kwa namna inayoifunika kidogo ile chaji. Aliye mbali huiona imefifia. Anayeikaribia huiona kali zaidi. Jozi za kwaki nazo hufanya hivyo kwa rangi. Lakini gluoni, kwa kuwa zina rangi, hufanya kinyume: huichukua rangi ya kwaki na kuitawanya nje katika eneo pana. Ukiingia katikati ya eneo hilo, sehemu kubwa ya rangi umeiacha nyuma yako na unachohisi ni kidogo. Ukikaa mbali, unakutana nayo yote. Kuna mashindano, basi, kati ya kwaki zinazofunika na gluoni zinazotawanya, na kwa idadi ya kwaki tulizo nazo, gluoni zinashinda.

Sio nadharia tupu. Ukali wa kani hii umepimwa katika nishati mbalimbali. Katika migongano ya nishati kubwa, ya elektronivolti bilioni 91 hivi, kipimo cha ukali wake ni takribani 0.118. Ukishuka hadi nishati zinazolingana na ukubwa wa protoni kinakaribia 1, ambapo hesabu za kawaida za karatasi na kalamu zinavunjika kabisa.

Ukizivuta zikatengana

Ajabu la pili ndilo lililoipa makala hii kichwa chake. Mistari ya kani ya umeme hutawanyika kila upande, ndiyo maana ukiongeza umbali mara mbili kani hupungua hadi robo. Mistari ya kani kali haitawanyiki, kwa sababu gluoni zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Hujikusanya ikawa kama bomba jembamba lililonyooka kutoka kwaki moja hadi nyingine. Mvuto wa bomba hilo ni takribani sawa na uzito wa tani 16. Uzito huo unazishika chembe mbili ambazo hata kwa darubini bora kuliko zote huwezi kuzitazama.

Mfano unaofaa ni mpira wa manati. Uvute: kadiri unavyovuta ndivyo nishati inavyojaa ndani yake. Uendelee kuvuta hadi ukatike. Umepata nini? Umepata vipande viwili, na kila kipande kina ncha mbili. Hujapata ncha moja peke yake, wala hutaipata hata ukikata siku nzima. Kwaki ni ncha za bomba la gluoni. Ukizitenganisha kwa kiasi cha femtomita moja na ushee (femtomita ni mita moja iliyogawanywa kwa milioni mara bilioni), nishati iliyojaa kwenye bomba inatosha kuzaa kwaki mpya na kinyume chake pale lilipokatika. Ulitaka kuing'oa kwaki moja. Unaishia na protoni au neutroni pamoja na mesoni, zote zikiwa zimefutana rangi.

Mfano una mipaka yake, na ni vizuri ijulikane. Mpira ukiuvuta zaidi unakaza zaidi, lakini bomba la gluoni likishanyooka huvuta kwa kani ileile, uwe umefika karibu au mbali. Kinachoongezeka ni nishati inayohitajika. Pia mpira ukikatika haumtengenezei mtu mpira mpya. Hapa ncha mpya ni tungamo halisi lililozaliwa kutoka nishati.

Tunajuaje kwamba hili linatokea? Linaonekana kila siku katika mashine za kugonganisha chembe. Kwaki inapopigwa ikakimbia kwa kasi kubwa, bomba nyuma yake hukatika na kukatika tena, na kwenye vifaa vya kupimia haiji kwaki bali mnyunyizo wa chembe nyingi zinazoelekea upande mmoja. Mwaka 1979, katika maabara ya DESY mjini Hamburg, watafiti waliona matukio yenye minyunyizo mitatu badala ya miwili. Miwili ilikuwa ya kwaki na kinyume chake. Wa tatu ulitokana na gluoni iliyorushwa na mojawapo, na ndivyo gluoni ilivyothibitishwa kuwapo.

Kuna neno moja la kuongeza hapa, ambalo maelezo mengi hulikwepa. Kwamba kwaki zimefungiwa, majaribio yanaonyesha na kompyuta zinaonyesha. Lakini kulithibitisha kihisabati, kwa kuanzia kwenye milinganyo yenyewe, hakuna aliyeweza. Tatizo lililo karibu kabisa na hili limo kwenye orodha ya matatizo saba yaliyotangazwa na taasisi ya hisabati ya Clay mwaka 2000, kila moja likiwa na zawadi ya dola milioni moja, na zawadi hiyo bado haijachukuliwa.

Uzito unakotoka

Sasa turudi kwenye ile 938. Kwaki ndani ya protoni zimebanwa katika nafasi yenye nusu-kipenyo cha femtomita 0.84 hivi. Sheria za kwantamu haziruhusu kitu kubanwa hivyo kikatulia. Kadiri nafasi ilivyo finyu ndivyo mwendo unavyozidi. Kwaki juu na chini, kwa wepesi wao, zinakimbia humo karibu na kasi ya mwanga. Mwendo huo ni nishati. Gluoni nazo zimejaa nishati, na humohumo jozi za kwaki na kinyume chake zinazaliwa na kufa bila kukoma. Picha ya protoni kama mfuko wenye gololi tatu, inayochorwa vitabuni, inasaidia kukumbuka idadi lakini inapotosha mengine yote. Nishati hiyo iliyofungiwa, ukiitazama kutoka nje ukiwa umesimama, ndiyo unayoipima kama tungamo.

Hesabu yake imefanyika. Mwaka 1974 Kenneth Wilson alibuni njia ya kuigawa nafasi na wakati katika vituo kama makutano ya nyavu, ili milinganyo ipigwe kwa kompyuta. Mwaka 2008 kundi la watafiti wa Ulaya, kwa kompyuta kubwa na njia hiyo, walikokotoa tungamo la protoni na jamaa zake, na matokeo yakatofautiana na vipimo kwa asilimia chache tu.

Kwa hiyo mtu wa kilo 70 ana kilo moja hivi, au pungufu, inayotokana na tungamo la kwaki zenyewe kwa njia ya Higgs. Kilo 69 zilizobaki ni nishati ya kwaki na gluoni zinazohangaika ndani ya vyumba visivyo na mlango.

Lakini tusiende upande wa pili tukaibeza Higgs. Elektroni inapata tungamo lake lote huko, na ukubwa wa atomu unategemea tungamo la elektroni. Bila hilo atomu zisingeshikamana. Tena kwaki chini ni nzito kuliko kwaki juu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoifanya neutroni iizidi protoni kwa MeV 1.3. Ingekuwa kinyume, protoni ndiyo ingekuwa inageuka kuwa neutroni, na haidrojeni tunayoijua isingekuwapo. Asilimia moja, ila ni asilimia yenye kazi.

Kiini, bomu, na "kwaki mpya"

Wengi wameambiwa kwamba kani kali ndiyo inayoshika protoni na neutroni pamoja ndani ya kiini. Ni kweli nusu. Protoni kwa nje haina rangi, kama vile atomu kwa nje haina chaji ya umeme. Hata hivyo atomu mbili zisizo na chaji zikikaribiana hushikana kidogo, kwa sababu chaji zilizomo ndani hazijafunikana kikamilifu. Protoni na neutroni nazo ni hivyohivyo: zikigusana karibu, mabaki ya kani kali huvuja kutoka moja hadi nyingine. Hideki Yukawa wa Japani aliieleza kani hii ya mabaki mwaka 1935, miaka karibu 30 kabla ya kwaki kutajwa, kwa kutabiri chembe ya kuibeba. Chembe hiyo, pioni, ilipatikana mwaka 1947. Leo tunajua pioni ni mesoni, yaani kwaki na kinyume cha kwaki.

Mabaki hayo hayafiki mbali: yakizidi femtomita mbili au tatu yameisha. Umeme unafika mbali. Ndiyo maana kiini kikubwa kama cha urani hakina utulivu: kila protoni inasukumwa na nyingine zote, lakini inashikwa na majirani zake tu. Kikipasuka, vipande viwili hufukuzana kwa umeme na kutoa karibu MeV 200. Kwa hiyo bomu la atomu halivunji protoni wala haliachii kwaki hata moja, na sehemu kubwa ya nishati yake, ukichunguza, ni msukumo wa umeme uliokuwa umezuiliwa.

Na ile habari ya mwaka 2017? Marek Karliner na Jonathan Rosner walikokotoa kwamba chembe mbili, kila moja ikiwa na kwaki moja ya aina kitako, zikiungana ili kwaki hizo nzito zikae pamoja, hutoka MeV 138. Muungano wa kawaida wa haidrojeni nzito hutoa karibu MeV 18. Ukilinganisha namba hizo tu, kichwa cha habari kinajiandika chenyewe. Kilichoachwa ni kwamba chembe zenye kwaki kitako huishi kama sekunde moja na nusu iliyogawanywa kwa trilioni. Haziwezi kukusanywa, haziwezi kuhifadhiwa, na muungano mmoja hauna wa kuuwasha unaofuata. Bomu hilo halitengenezeki, na waandishi wa hesabu yenyewe walilisema hilo.

Kuhusu "kwaki mpya," kinachopatikana ni mpangilio mpya wa kwaki zilezile sita. Mashine kubwa ya CERN imeshapata chembe za namna hiyo zaidi ya 70. Kwa miaka mingi tulijua mipangilio miwili tu, ya kwaki tatu na ya kwaki na kinyume chake, ingawa sharti la kufutana rangi haliikatazi mingine. Mwaka 2003 jaribio la Belle nchini Japani lilikutana na chembe ambayo haikuingia vizuri katika mipangilio hiyo miwili, na mwaka 2015 watafiti wa jaribio la LHCb pale CERN wakatangaza chembe yenye kwaki nne na kinyume cha kwaki kimoja. Kama tano hizo zimefungamana kuwa donge moja au ni chembe mbili zilizoshikana kwa mabaki ya kani, bado wanabishana.

Njia moja ya kuzitoa kwaki kifungoni ipo, nayo ni joto. Ukifika nyuzi trilioni mbili hivi, mipaka kati ya protoni na protoni inayeyuka na kwaki na gluoni zinaenea pamoja. Ulimwengu wote ulikuwa hivyo katika sehemu chache tu za milioni za sekunde yake ya kwanza. Brookhaven walivigonganisha viini vya atomu za dhahabu, na mwaka 2005 wakatangaza kwamba kitu kilichotokea, tofauti na matarajio ya gesi, kinatiririka kama kimiminiko chenye mnato mdogo mno. Hata humo, hakuna kwaki inayochukuliwa peke yake ikatolewa nje.

Lililobaki ni spini ya protoni. Ilidhaniwa inatoka kwa kwaki zake tatu, hadi mwaka 1987 jaribio moja la CERN lilipoonyesha kwamba spini za kwaki zinachangia sehemu ndogo tu. Vipimo vya baadaye vinaiweka karibu theluthi moja. Nyingine lazima itoke kwa gluoni na kwa mzunguko wa vyote hivyo ndani ya protoni, ila mgawanyo wake haujakamilika kupimwa. Brookhaven wanaijenga mashine ya kugonganisha elektroni na protoni kwa ajili ya swali hilohilo, na safari hii shabaha kuu ni gluoni.